Mumia wa Wanga na ukuta wa udongo

Safari ya Mayoni sikuifunga kwa kutafuta habari za wafalme. Nilikwenda harusini. Mtoto wa ndugu yangu amejaaliwa kupata mchumba huko bara, binti wa Kiislamu katika Wawanga, na ada yetu watu wa pwani haikubali bwana harusi aende peke yake kama mtu asiye na wakwao. Basi tukakusanyana wazee watano na kina mama kumi, tukapanda basi la usiku kutoka Mombasa, na kesho yake baada ya alasiri tukashuka Mumias, viungo vimekufa ganzi na nguo zimebadilika rangi kwa vumbi.

Mayoni yenyewe huwezi kuiita mji. Ni maduka yaliyojipanga kando ya barabara itokayo Mumias kwenda Bungoma, upande wa Matungu, katika Kaunti ya Kakamega. Nyuma ya maduka ni miwa, na nyuma ya miwa ni miwa tena. Lakini watu wake ni wakarimu, na adhana husikika ukiwa umekaa barazani, hata mgeni wa kutoka Kisauni asijione yuko mbali sana na kwao.

Nikahi ilipokwisha na wali ulipoliwa, niliketi barazani kwa mwenyeji wetu, na mjukuu wake wa darasa la saba alikuwa kando yangu na kitabu chake cha historia. Aliponisikia kwamba kazi yangu ni kuandika magazetini, alinisogezea ukurasa wenye picha ya ukuta wa mawe uliopanda vilima na kushuka, akaniuliza jambo ambalo mwalimu hakumfafanulia. Kama Waingereza walikuwa na nguvu hata wakaja kuitawala nchi hii, ukuta huu uliomo katika nchi yao aliujenga nani, na alikuwa akimwogopa nani?

Nilimweleza kwa kadiri nilivyosoma. Ukuta ule aliamuru ujengwe Hadrian, mfalme mkuu wa Warumi, mwaka wa 122 Miladi, zaidi ya miaka 400 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Ulikikata kisiwa cha Uingereza kutoka bahari hadi bahari, masafa ya kilomita 117 hivi. Kila maili moja ya Kirumi palijengwa kingome kidogo chenye lango, na baina ya kingome na kingome pakasimamishwa minara miwili ya walinzi. Juu ya hayo yote palikuwa na ngome kubwa kubwa, kila moja na askari wake kwa mamia. Kaskazini ya ukuta walikaa watu ambao Warumi hawakuwaweza, au waliona kuwatawala hakuna faida. Kusini yake walikaa wenyeji waliokwisha kutiishwa, walipa kodi. Yaani nchi ile iliyokuja kutujengea sisi maboma, zamani zake nayo ilijengewa.

Lakini kilichomfanya mtoto aache kalamu ni habari za askari wenyewe. Askari waliolinda ukuta ule wengi wao hawakuwa watu wa Rumi. Wapiga mishale wa Shamu waliwekwa katika ngome moja. Mabaharia wa mto Tigris, watu wa Iraki ya leo, waliwekwa South Shields, penye mlango wa mto upande wa mashariki, na ngome ile iliitwa Arbeia, jina ambalo wako wataalamu wanaosema limetokana na Waarabu. Kikosi cha watu wa Maghribi kiliwekwa Burgh-by-Sands upande wa magharibi. Hata mfalme mkuu Septimius Severus, aliyekwenda huko mwaka 208 kupigana na watu wa kaskazini, alikuwa mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ya Libya, na mauti yalimkuta York mwaka 211. Baridi ya Uingereza ililindwa na wana wa jua.

Mwenyeji wetu, mzee aliyepita miaka themanini, alikuwa kimya muda wote huo akichezea tasbihi yake. Hapo akacheka. Alisema mambo hayo si mageni Mayoni. Ukuta walikuwa nao, askari wa kuletwa waliwaona, na mfalme wa mpakani pia walikuwa naye, na ajabu ni kwamba mtu wa Mombasa ametoka kwao kuja kusimulia ya Warumi na hali yaliyo karibu hayajui. Nami niliona haya, kwa sababu mzee hakujua alipogusa.

Katika nyumba yetu liko jina lisilokuwa na kaburi. Babu wa babu yangu aliondoka Mombasa na msafara, akiwa askari wa bunduki, na hakurudi. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, wazee wakimtaja husema alipotelea Kwa Sundu. Mimi nikidhani Sundu ni kisima. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa Sundu ni Shiundu, Nabongo wa Wawanga, baba yake Mumia, na kwamba Kwa Sundu ndiko Mumias, mji niliokuja kushukia basi juzi bila ya kuwaza lolote ila mizigo ya harusi.

Basi wacha niyasimulie maisha ya Mumia, kwa yale yaliyothibiti vitabuni na kwa yale niliyoelewa zaidi baada ya kukaa na wazee wake.

Mumia mwana wa Shiundu, mamake akiitwa Wamanya, anakadiriwa kuwa alizaliwa kiasi cha mwaka 1849. Baba yake alipofariki mwaka 1882 yeye ndiye aliyekalia kiti cha Nabongo, akavishwa ngozi ya chui na kikuku cha shaba cha ufalme. Mtu akisikia neno ufalme hudhani palikuwa na raha. Ufalme aliourithi Mumia ulikuwa umezingirwa. Kaskazini walikuwako Wabukusu, ambao watu wa misafara waliwaita Waketosh, wengi na wagumu vitani. Magharibi walikuwako Wateso. Kusini Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakisogea na kuila ardhi ya Wawanga msimu baada ya msimu. Na enzi yenyewe ya Wanga ilikuwa imekwisha kugawanyika katika koo za kifalme.

Ndiyo maana watu walikaa ndani ya kuta. Olukoba, ndivyo wanavyouita ukuta huo, na Wabukusu nao wana neno lile lile kwa matamshi yao. Usidhani ni jambo la mawe kama Fort Jesus. Huchimbwa handaki kuuzunguka mji, na udongo unaotoka handakini ndio unaokandwa kuwa ukuta, ukuta mzito wa kuzuia mkuki na mshale, na lango lake jembamba la kuinamia, hata adui akitaka kuingia aanze kwa kuinamisha kichwa. Ndani mna nyumba, mabanda ya ng'ombe na vichanja vya nafaka. Usiku lango huzibwa kwa magogo. Wazungu wa mwanzo walipoingia nchi hii waliyoiita Kavirondo waliandika kwa mshangao juu ya miji hii ya udongo, kwa maana walitoka katika nyika za Wamasai ambako boma ni miiba tu.

Kwa Mumia, huko Elureko, ukuta ulikuwako pia. Lakini kijana huyu alikuwa na jambo ambalo jirani zake hawakuwa nalo: alikuwa na wageni. Tangu siku za baba yake, misafara ya pwani, ya watu wa Mombasa na wa Pangani, ilikwisha kupata njia ya kufika kwake. Njia ile ilikuwa ndefu na ya hatari, na mtu akivuka nyika akafika Wanga hukuta mtama, wimbi, ndizi, kuku na maji ya mto Nzoia. Ndipo msafara ulipopumzika, ukanunua chakula, ukatengeneza mizigo, ukaenda mlima Elgon na mbele yake kutafuta pembe. Walileta merikani, shanga na nyaya za shaba. Na walileta magobole na baruti.

Hapa mimi nisiwafiche wasomaji wangu wa pwani, maana tuna mazoea ya kusimulia safari za wazee wetu kama kwamba walikwenda kufundisha Kurani tu. Dini waliipeleka, na Mumias ni katika miji ya kwanza ya bara ya magharibi kuupokea Uislamu; jamaa wengi wa nyumba ya kifalme walisilimu, na watoto wao ndio waliotupikia pilau ya harusi. Lakini magobole yale yalikodishwa katika vita vya Mumia, na malipo ya vita yalikuwa ng'ombe na watu. Wabukusu hawajasahau. Mzee mmoja wa upande wao niliyekutana naye katika harusi hiyo hiyo alinihesabia, kwa upole wote na huku tumeshika kahawa, vijiji ambavyo kwa masimulizi ya kwao vilichomwa na watu waliovaa kanzu. Sikuwa na la kumjibu, nikampokea kikombe nikamjazia tena.

Mwishoni mwa mwaka 1883 aliwasili Joseph Thomson, Mskochi, Mzungu wa kwanza kufika pale kwa njia ya Umasaini. Hakuigundua njia, kwa kuwa alifuata nyayo za wafanyabiashara wetu, na sehemu kubwa ya safari aliandamana na Jumbe Kimameta wa Pangani, mchuuzi mkubwa wa pembe za ndovu. Thomson alikuta Shiundu amekwisha fariki, lakini wapagazi walishikilia kupaita Kwa Sundu. Mumia alimpokea vizuri. Alimpokea vizuri pia Askofu James Hannington mwaka 1885, aliyepita kwenda Buganda akauawa Busoga mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule, na mabaki ya msafara wake yakarudi kwa Mumia yakiwa taabani.

Mtu huyu alikuwa na tabia gani? Wote walioandika juu yake wanakubaliana katika hili, kwamba alikuwa mpole wa maneno na mwenye subira, asiyeonyesha haraka. Mimi naongeza kuwa alikuwa mwerevu wa hesabu. Aliona kwamba ukuta wa udongo humzuia jirani mwenye mkuki, lakini haumzuii mgeni mwenye bunduki. Basi akalifungua lango mapema ili mgeni mwenye bunduki awe wake na si wa jirani. Warumi nao walikuwa na wafalme wa namna hiyo nje ya mipaka yao. Waliwapa zawadi na heshima, wakawaacha wawe ukuta wa mbele. Wenye maarifa katika wafalme hao walijua kuwa urafiki huo ni wa muda. Je, Mumia alijua? Nitalirudia swali hilo.

Mwezi wa Novemba 1889 alifika Frederick Jackson na msafara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Alipokwenda upande wa Elgon, nyuma yake akaja Mjerumani Carl Peters, mapema 1890, akazikuta barua za Jackson kutoka Buganda, akazifungua, akazisoma, akakimbia mbio kwa Kabaka Mwanga kumwahi kwa mkataba. Fikiria, ndugu msomaji: madola mawili makubwa ya Ulaya yalishindania chemchemi za mto Nili kwa barua zilizosomwa kwa siri uani kwa Mumia! Mbio hizo hazikumfaa kitu Peters, kwa kuwa tarehe 1 Julai 1890 wakubwa wao walikwisha kugawana nchi huko Ulaya, na Uganda ikawa fungu la Waingereza.

Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa himaya ya Uingereza, na Mumias ikawa katika jimbo la mashariki la himaya hiyo. Boma la serikali likasimama karibu na mji wa Nabongo. Sasa tazama ni nani waliowekwa kulilinda. Walikuwa ni Wasudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambalo Lugard aliliokota upande wa Ziwa Albert mwaka 1891, Waislamu ambao wajukuu wao leo tunawaita Wanubi. Na pamoja nao Waswahili wa pwani. Maofisa wa Kizungu walihesabika kwa vidole. Mtoto wa darasa la saba, tulipofika hapa, alicheka akasema ni kama wale mabaharia wa Tigris. Ndivyo hasa.

Na hapo ndipo palipotokea jambo linaloihusu nyumba yetu. Bunduki zilikuwa zimewafikia Wabukusu kwa mikono ya askari watoro. Mwisho wa mwaka 1894 ofisa wa boma la Mumias alipeleka kikosi kidogo cha askari kwenda kuzidai. Walizungukwa, wakauawa karibu wote. Babu wa babu yangu aliondoka Mombasa katika miaka hiyo, na habari za nyumbani hukatika hapo. Alikuwa askari, na alipotelea Kwa Sundu. Zaidi ya hayo sina.

Mapema 1895 akaletwa C. W. Hobley kuishika Mumias, na mwezi wa Agosti mwaka huo akatoka kwenda kulipa kisasi. Halikuwa jeshi dogo. William Grant alitoka Busoga. Walikuwako Wasudani, wakaja Waganda kwa mamia, wakaja Wamasai wa Uasin Gishu, na Mumia akatoa vijana wake wa Kiwanga. Wabukusu waliingia ndani ya kuta zao kama walivyoingia baba zao, kwanza Lumboka, kisha Chetambe, ngome iliyokuwa juu ya kilima kirefu panapotazama Webuye ya leo. Ukuta ule ulikuwa umezuia kila adui tangu ulipokandwa. Lakini adui wa safari hii alikuwa na mzinga wa Maxim. Ukuta wa udongo unapokutana na risasi za mfululizo hugeuka ukawa mtego, maana lango lile jembamba la kuinamia ndilo tokeo pekee. Waliokufa humo hawakuwa wapiganaji tu. Mifugo ilichukuliwa, nyumba zikatiwa moto, na mateka, wanawake na watoto, wakateremshwa kuja Mumias.

Hapo ndipo Mumia alipofikia kilele chake, na hapo ndipo ninapopata taabu naye. Adui aliyemkosesha usingizi baba yake alivunjwa katika mwezi mmoja. Miaka miwili baadaye Wajaluo wa Ugenya nao walikuwa wamepigwa kwa msaada wa bunduki hizo hizo. Kapteni Sclater akapitisha barabara ya magari ya ng'ombe, iliyoanza Kibwezi mwaka 1895, na Mumias ikawa kituo kikuu cha njia ya Uganda. Walipoasi Wasudani mwezi wa Septemba 1897 upande wa Eldama Ravine, kwa mshahara haba na safari zisizokwisha, wakaipasua nchi hii kuelekea Busoga, Mumia hakuyumba. Alibaki na serikali. Kuasi kwao kuliitikisa himaya yote. Kama Mumia naye angelifunga lango lake wakati ule, na njia ya pwani ikakatika, sijui Waingereza wangalishika nini.

Wako wanaomwita msaliti. Vijana wa chuo kikuu wameniandikia hivyo mara nyingi kila nilipomtaja. Mimi neno hilo silipendi, kwa sababu humhukumu mtu kwa nchi ambayo haikuwako. Mwaka 1895 hapakuwa na Kenya ya kusalitiwa, hata jina la Abaluyia lilikuwa bado halijatumika kuwakusanya watu hawa. Palikuwa na Wanga na adui wa Wanga. Lakini pia siwezi kumtetea kama wanavyomtetea wa kwao, kwa maana aliyaona mateka ya Chetambe yakipita mlangoni kwake. Alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na sita. Alijua kuta ni nini, naye mwenyewe alizaliwa ndani ya ukuta.

Malipo ya Mumia yalikuja polepole, na yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa heshima. Waingereza walipohitaji watawala wa nchi nzima ya Kavirondo ya Kaskazini, waliwaomba kwake, naye akawapa ndugu zake na watu wake: Mulama akapewa Marama, Murunga akapelekwa kwa Wabukusu, na wengine kwingineko. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa Chifu Mkuu wa wilaya yote. Katika historia ya Wawanga hakuna Nabongo aliyepata kutajwa na serikali juu ya ardhi pana kama hiyo. Lakini machifu wale walikusanya kodi ya nyumba na vibarua vya barabara kwa watu wasiowataka, na chuki ile ilidumu miaka mingi kuliko kodi yenyewe.

Malipo ya pili ilikuwa kusahauliwa. Reli iliyotoka Mombasa haikwenda Mumias. Iliteremka ziwani, ikafika Port Florence, ndiyo Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, na kuanzia siku ile misafara haikuwa na haja ya Kwa Sundu. Mwaka 1902 mpaka ukahamishwa kwa kalamu, na jimbo la mashariki la Uganda, Mumia na watu wake wote ndani yake, likatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Hakuna aliyehama nyumba, nchi ndiyo iliyohama. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakatolewa Mumias yakapelekwa Kakamega. Mwaka 1926 mzee akastaafishwa.

Warumi nao walifanya hivi hivi. Miaka ishirini baada ya kuanza ukuta wa Hadrian waliamua mpaka usogee mbele, wakajenga ukuta wa pili huko Scotland, mwaka 142, wa udongo na majani juu ya msingi wa mawe; na haikupita miaka ishirini na tano wakauacha wakarudi nyuma. Waliojenga urafiki wao juu ya ngome ile ya mbele waliamka siku moja wakakuta malango wazi na majivu ya moto wa askari yamepoa. Kwa nchi nzima, Warumi walijiondokea kiasi cha mwaka 410.

Mumia aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya kustaafu. Huu ndio umri wa maisha yake ninaoufikiria zaidi kuliko vita vyote. Aliketi Elureko, mzee mwenye mvi na fimbo, akitembelewa na wageni waliotaka kumwona mfalme aliyemwona Thomson. Kuta za udongo zilikuwa zinaporomoka, kwa kuwa hakuna aliyezikanda tena. Serikali imeleta amani, na mvua za Mumias hazina huruma. Watu walitoka ndani ya olukoba wakajenga kila mtu shambani pake, na mahandaki yakapandwa migomba. Tarehe 24 Aprili 1949 alifariki, umri wake ukihesabiwa kuwa miaka mia. Alizaliwa kabla ya Mzungu yeyote kuiona Nzoia, akafa miaka kumi na minne kabla ya wa mwisho kushusha bendera yake.

Nilisema nitalirudia lile swali, kama Mumia alijua kuwa urafiki ule ni wa muda. Mwenyeji wangu wa Mayoni nilimuuliza hivyo usiku ule, taa imepunguzwa na vijana wangali wanapiga ngoma nje. Alinijibu kwamba Nabongo alijua, kama ajuavyo mtu anayekodisha mtumbwi. Haja yake ilikuwa kuvuka, na Wanga imevuka. Watu wake wapo, lugha yao ipo, makaburi ya wafalme wao hayakuguswa. Kisha akanyamaza kidogo, akasema lakini hajui wale walioachwa ng'ambo wanalionaje jambo hilo, na kwamba kama nataka kujua nisimuulize yeye, Webuye si mbali.

Kesho yake, kina mama wakifunga masanduku, nikapanda matatu ya Bungoma pamoja na yule mjukuu aliyeng'ang'ania kunisindikiza, na Bungoma tukapanda nyingine mpaka Webuye. Tukakwea Chetambe kwa miguu, mimi nikitweta na yeye akinisubiri. Kilichosalia kule juu ni kidogo. Pana kingo za udongo zilizoota nyasi, na mbuzi wawili walikuwa wakila mahali ambapo pengine lilikuwa lango. Ukisimama pale waiona nchi yote chini, na kusini kabisa, katika ukungu, miwa ya upande wa Mumias.

Mtoto aliniuliza kama babu yangu alikufa hapa. Nikamwambia hapana, ikiwa alikufa upande huu basi alikufa miezi kadhaa kabla, na si juu ya kilima. Hapa walikufa wengine, kwa sababu yake na wenzake. Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikakunjua mikono nikamsomea Fatiha yule asiye na kaburi. Kisha nikakaa kimya kitambo kwa ajili ya hao wengine, ambao hawakuwa wa dini yangu na ambao hawakuniita. Mtoto naye alinyamaza, kitabu chake kwapani. Upepo ulipozidi tukavaa viatu, tukateremka Webuye kutafuta chai.